Owino Uhuru: NEMA Isikabidhiwe Zabuni ya Kusafisha Sumu

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliwarudishia wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa mabanda ulioko Mikindani, Mombasa, fidia ya Sh1.3 bilioni ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeitengua mwaka uliotangulia. Shangwe iliyofuata ilistahili. Wananchi hao walipigania haki yao kwa miaka mingi dhidi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, wizara na mamlaka za serikali, na wakashinda.

Ila pesa haziondoi sumu ardhini. Siku uamuzi huo uliposomwa, madini ya risasi yaliyowatesa watoto wa mtaa huo yalikuwa palepale yalipoachwa, uani na kwenye vichochoro, miaka 10 baada ya kiwanda kufungwa. Hapo ndipo kesi ya pili inapoanzia, na hii haina mawakili wala kamera: nani atapewa kandarasi ya kusafisha, atalipwa kwa kigezo gani, na nani atatia sahihi kwamba kazi imekwisha?

Msimamo wetu hauna kona. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, haifai kusimamia zabuni hiyo, na haifai kabisa kuwa ndiyo itakayotoa cheti cha mwisho.

Tuwakumbushe waliosahau. Kiwanda hicho kilianza kuyeyusha betri kuukuu takriban mwaka 2007 ili kupata risasi ya kuuza, ukuta kwa ukuta na makazi ya watu wapatao 3,000. Moshi uliangukia mapaa ya mabati, majitaka yakatiririka mitaroni kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini, akageuka mwanaharakati, akakamatwa, akatishwa, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa 2014. Kati ya mwaka kilipoanza na mwaka kilipofungwa, malalamiko yalifika kila ofisi iliyopaswa kuyasikia.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ilitoa hukumu nzito. Mbali na fidia, iliamuru udongo na maji yasafishwe na taka ziondolewe katika muda wa miezi minne. Amri hiyo ikipuuzwa, Sh700 milioni zilipwe ili walalamishi wenyewe waratibu kazi hiyo. Mahakama ikagawa lawama. Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, liliangukia NEMA, zaidi hata ya lile la kiwanda chenyewe.

Tafakari maana yake. Jaji aliyesikiliza ushahidi wote aliona kwamba aliyelipwa mshahara ili azuie sumu alichangia madhara kuliko aliyeimwaga. Halafu serikali hiyo hiyo, kwa mazoea yake ya kugawa kazi kwa majina ya idara, itatazama orodha, itaona neno "mazingira", na itaikabidhi NEMA faili la usafishaji. Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Ofisi yenye deni la asilimia 40 ina kila sababu ya kutaka udongo huo utangazwe kuwa safi mapema, kwa bei nafuu na bila maswali mengi. Hatusemi kwamba maafisa wake wote ni wabaya. Wapo wenye ujuzi, na ujuzi huo utahitajika. Tunasema tu kwamba mshtakiwa hapewi kalamu ya kuandika kwamba amekwisha kutubu.

Kuna jambo ambalo mwananchi wa kawaida hajaelezwa. Kusafisha ardhi yenye risasi si sawa na kujenga barabara wala kuzoa taka za soko la Kongowea. Barabara ikijengwa vibaya, mvua ya kwanza ya Mei inaifichua. Udongo wenye risasi hauna rangi wala harufu, na hauozi. Mwanakandarasi anaweza kuleta trekta, akakwangua, akamwaga kifusi cha murram juu, akapiga picha na waziri, na hakuna jicho litakalojua kama kazi imefanyika. Damu ya mtoto ndiyo itakayojua, mwaka mmoja au miwili baadaye, mwanakandarasi akiwa amekwisha kulipwa na kampuni yake imebadilisha jina.

Ndiyo maana kigezo cha malipo ndiyo roho ya mkataba wote. Zabuni zetu zimezoea kulipa kwa vitu vinavyohesabika kirahisi: idadi ya lori, mita za mraba, siku za kazi. Ukimlipa mtu kwa lori, atakuletea lori. Atachimba pale penye udongo laini na njia pana ya gari, na kuacha vichochoro vya karibu na ukuta wa kiwanda ambako lazima kuchimbwe kwa jembe na kubebwa kwa karai. Owino Uhuru ni mtaa wa vichochoro.

Hata neno "safi" lina mtego ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha watoto wa Owino Uhuru na wale wa mtaa wa Bangladesh, ambao pia uko Mombasa. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa takriban mara mbili ya wenzao. Udongo wao ulikuwa na risasi zaidi ya mara 10, karibu miligramu 150 kwa kilo. Sasa sikiliza: Marekani iliposhusha kiwango chake cha tahadhari kwa udongo wa makazi Januari 2024, iliteremka kutoka miligramu 400 hadi 200. Kwa hiyo mwanakandarasi mjanja, akiruhusiwa kupima kwa wastani wa mtaa mzima, anaweza kudai kwamba Owino Uhuru ilikuwa safi kabla hajashika sepeto. Lakini mtoto hachezi kwenye wastani. Anacheza mlangoni kwao, na mlango ulio ubavuni mwa tanuri la zamani si sawa na ule ulio upande wa pili wa mtaa. Mkataba utakaoandikwa bila kutaja upimaji wa ua kwa ua ni mkataba wa kuibia watu, hata kama utapita mbele ya wanasheria kumi.

Anayedhani tunatia chumvi na aangalie Nigeria. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake kuhusu ardhi ya Ogoni mwaka 2011, likapendekeza mfuko wa kuanzia wa dola bilioni moja kwa ajili ya kusafisha mafuta yaliyomwagika huko kwa miongo mingi. Usafishaji ulizinduliwa kwa mbwembwe mwaka 2016. Wanakandarasi wa kwanza waliingia kazini 2019. Mwaka uliofuata, Amnesty International na washirika wake walieleza kwamba kampuni 11 kati ya 16 zilizopewa kandarasi hazikuwa zimesajiliwa kwa utaalamu wowote wa kuondoa uchafuzi wa mafuta. Baadaye shirika la habari la AP lilifichua nyaraka za Umoja wa Mataifa zenye kuaibisha zaidi: sampuli za udongo zilipelekwa katika maabara ambazo hazikuwa na vifaa vya vipimo zilivyodai kufanya, na wakaguzi walizuiwa kufika kwenye maeneo ya kazi. Pesa zilikuwepo, ripoti ya kisayansi ilikuwepo, chombo maalumu cha serikali kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu huru wa kupima na kusema hapana.

Nigeria hiyo hiyo ina somo la pili, na hili linatia moyo kisha linakasirisha. Mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi katika vijiji vya jimbo la Zamfara, ambako wachimbaji wadogo walisaga mawe ya dhahabu majumbani mwao. Madaktari Wasio na Mipaka walishikilia kwamba haina maana kumpa mtoto dawa ya kutoa risasi mwilini kisha kumrudisha alale kwenye sakafu ya sumu. Nyumba isafishwe kwanza. Wanakijiji wenyewe walifundishwa kukwangua udongo wa juu, kuuzika kwenye mashimo yaliyoandaliwa na kutandaza udongo safi, huku wataalamu wakipima ua baada ya ua. Vijiji saba vikasafishwa kwa utaratibu huo. Cha nane, Bagega, kilisubiri. Fedha zilizoahidiwa na serikali kuu mwaka 2012 zilitolewa mwanzoni mwa 2013, na muda wote huo watoto wa Bagega hawakuweza kuanza tiba.

Hivyo basi, kazi inawezekana, na haihitaji miujiza wala mitambo ya ajabu. Kinachohitajika ni upimaji wa kweli na Hazina isiyotegea.

Kabwe nchini Zambia inatufundisha jambo la tatu, na hapo hatutakawia. Mgodi wa risasi wa mji huo ulifanya kazi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi 1994. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 65.6 mwaka 2016, fedha ambazo zingetumika pia kupima na kutibu watoto. Lakini milima ya mabaki ya mgodi, zaidi ya tani milioni 6, imebaki mjini, na shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2025 jinsi serikali ilivyokuwa ikitoa leseni za kuyachimbua upya. Upepo hausomi mikataba. Kama chanzo hakikuondolewa, nyumba iliyosafishwa itachafuka tena.

Turudi Mombasa, na tuulize swali ambalo tungependa liulizwe kwa sauti katika Bunge la Kaunti: udongo huo utapelekwa wapi? Dampo la Kibarani lilifungwa 2018. Limebaki hasa la Mwakirunge, ambalo ni jaa la wazi lenye wachambuzi wa taka na mifugo, na wakazi wake tayari wanalalamika. Kuhamisha risasi kutoka Mikindani hadi Kisauni ni kubadilisha waathiriwa tu. Zabuni yoyote isiyotaja shimo maalumu la taka za sumu, lenye sakafu isiyopitisha maji na mwangalizi wa kudumu, irudishwe ilikotoka.

Kuhusu bei, tunajua jibu litakalotolewa: sheria inataka mzabuni wa bei ya chini. Si kweli kwamba sheria inaishia hapo. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wa ushindani na wenye thamani kwa gharama yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu kuweka masharti ya utaalamu ambayo mzabuni lazima ayatimize kabla bahasha ya bei haijafunguliwa. Masharti hayo yakiandikwa kwa ulegevu, mlango unafunguliwa kwa kampuni zilizoundwa wiki tatu kabla ya tangazo, zenye katibu mmoja, kompyuta moja na mjomba mmoja mwenye cheo. Nchi hii inazifahamu kampuni hizo kwa majina.

Basi mkataba huu uandikwe hivi. Mpimaji atafutwe kwa zabuni yake mwenyewe, alipwe kutoka mfuko ambao mchimbaji haugusi, na sampuli zake zipelekwe kwenye maabara mbili tofauti. Mchimbaji alipwe sehemu kubwa ya fedha zake baada ya ua kuthibitishwa kuwa safi, na sehemu nyingine ishikiliwe hadi watoto wapimwe damu mwaka mmoja baadaye. Vijana wa Owino Uhuru waajiriwe kwanza, kwa mafunzo, barakoa na nguo za kazi ambazo hawatarudi nazo nyumbani kwa watoto. Familia zitakazohamishwa kwa muda zilipiwe kodi, na ziandikiwe hati ya kurudi, maana tumeona mara nyingi mno mabanda yakivunjwa kwa jina la usafi na ardhi ikaishia kwa bwanyenye. Matokeo ya kila ua yabandikwe ukutani kwa Kiswahili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari, hawahitaji kuiomba.

Serikali pia ina deni la sera. Sheria ya Mazingira ya 1999 ilianzisha Mfuko wa Kitaifa wa Kurekebisha Mazingira, na inaruhusu wenye viwanda hatari kudaiwa dhamana ya fedha kabla ya kuwasha tanuri. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka 8 betri ya kwanza ilipoyeyushwa Owino Uhuru. Kila kiwanda cha kuyeyusha betri nchini kidaiwe dhamana hiyo sasa, na kisichoweza kuitoa kifungwe. Mlipa kodi wa Kenya amekwisha kubebeshwa mzigo wa mfanyabiashara mmoja. Asibebeshwe wa pili.

Kwa Hazina Kuu: fedha za usafishaji ziwekwe katika bajeti kwa jina la Owino Uhuru, si kufichwa ndani ya fungu la wizara. Kwa Bunge: undeni bodi huru yenye wakazi, wahandisi na wataalamu wa afya ya watoto, na zabuni iwe chini yake. Na kwa NEMA: toeni nyaraka zenu zote, jibuni mtakachoulizwa, kisha mkae kando.