CHAI YA BARABARANI TWAILIPA SISI

Ndugu wanachama,

Kondakta akimpa askari chai, fedha hiyo hutoka katika nauli ya mfanya kazi. Desemba 2013 Tume ya Huduma kwa Polisi ilianza kuwachunguza maafisa, na baadaye hesabu za M-Pesa zilionyesha baadhi ya askari wa barabarani wakiwapelekea wakubwa wao fedha. Mwaka 2018 polisi wakapewa sare mpya za buluu. Sisi wa reli twajua: behewa lenye breki mbovu halitengenezwi kwa kupakwa rangi. Twataka mkubwa apokeaye aondolewe kwanza, na askari mdogo alipwe mshahara wa kumtosha. Nawe ukidaiwa chai, usitoe. Andika nambari ya askari, uilete ofisi ya chama, tuipeleke IPOA.

Umoja ni nguvu.