Chini ya mbao

Kwetu Kamituga, sauti ikitoka ardhini ni ya wachimba dhahabu. Ndiyo maana nilishtuka usiku mmoja, boti letu la kwenda Baraka lilipozima injini kando ya Ziwa Tanganyika: chini ya mbao kulikwaruza, ko-ko-ko. Abiria mmoja alitaja mizimu. Mvuvi mzee alicheka: "Mtoto wangu, yule ni samaki."

Samaki wa jenasi ya Synodontis husugua shina la mwiba wa pezi la kifua ndani ya tundu lake, na mlio hutoka. Tanzania huitwa gogogo. Waluo wa Ziwa Victoria humwita okoko. Kiswahili ni Kibantu, Kijaluo ni Kinailoti, lakini masikio yamesikia jambo moja.

Darasani tunafundishwa kwamba jina na kitu havihusiani, na tanakali za sauti ni vighairi vichache. Basi twende tuwaulize wavuvi kabla ya kukubali. Kamusi ikiandika "aina ya samaki" tu, imetupa nusu ya neno. Babu yangu aliwataja samaki wa mto Elila wote kwa Kilega. Mimi nawajua wawili. Hiyo ndiyo sauti inayonitisha: ile iliyonyamaza.