Kamera Mpya, Kompyuta Kongwe: Funguo za Picha Zetu Ziko kwa Nani?

Kutoka Mombasa hadi Masimba, upande wa Masaba Kusini katika Kaunti ya Kisii, ni mwendo wa karibu kilomita 800. Huko ni nchi ya vilima, migomba na majani ya chai, na mila za watu wake si mila zetu wa pwani. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo fundi wa picha wa Masimba na mwenzake wa Mwembe Tayari wanaweza kulilia pamoja pasipo kuhitaji mkalimani.

Natumchukue fundi wa mji kama huo. Kwa miaka mingi ametumia kompyuta ile ile, na ndani yake mna programu ya Photoshop CS6 iliyotolewa mwaka 2012. Amesafisha humo picha za harusi, za mazishi na za watoto wa shule, wala haijamwaibisha. Kisha akadunduliza, akanunua kamera mpya kwake, tuseme Canon EOS R ya mwaka 2018. Jumamosi akapiga picha za harusi. Jumapili akatia kadi katika kompyuta, na kompyuta ikamjibu kwamba faili hizi haizijui. Picha zimo, hazikuharibika, lakini hazifunguki. Na bwana harusi anabisha hodi.

Msomaji atauliza: kosa ni la nani? Ni la fundi aliyeng'ang'ania kompyuta kuukuu, la aliyeunda kamera, au la aliyeuza programu?

PICHA MBICHI

Yafaa kwanza tuelewe jambo lenyewe. Zamani mpiga picha alitumia filamu. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote kuitazama filamu yake. Filamu ikishasafishwa, hata mjukuu akiiinua mbele ya taa ataona sura za watu.

Kamera za siku hizi hutoa picha za namna mbili. Ya kwanza ni JPEG, picha ambayo kamera yenyewe imekwisha kuisafisha na kuibana. Ya pili ni picha mbichi, ambayo mafundi huiita 'rawu'. Hii ni kumbukumbu ya mwanga kama ulivyoingia katika kamera, kabla ya kupikwa. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Picha mbichi huwa na ngazi 4,096 au 16,384. Ndiyo maana fundi wa harusi huipenda. Bwana harusi akivaa kanzu nyeupe na joho jeusi katika jua la saa nane, JPEG huweza kuifanya kanzu kuwa shuka tupu lisilo na mkunjo wala darizi, na joho likawa shimo la giza. Katika picha mbichi, darizi ya kanzu aghalabu huweza kuokolewa.

Lakini picha mbichi hazina lugha moja. Nikon ina NEF, Sony ina ARW, Fujifilm ina RAF. Canon ilikuwa na CR2, na mwaka 2018 ikaanza kutumia CR3. Tena hata jina la faili likiwa lile lile, kila kamera mpya huja na mpangilio wake na rangi zake, na programu haina budi ifundishwe kamera hiyo. Programu iliyoacha kufundishwa hubaki inawajua wa zamani peke yao.

KAMBA NDEFU

Hayo ndiyo yaliyompata fundi wetu. Kampuni ya Adobe ilitangaza mwaka 2013 kwamba programu zake kubwa zitakodishwa badala ya kuuzwa. Mwaka 2015 ikaacha kuifundisha CS6 kamera mpya. Lightroom 6, ya mwisho kuuzwa moja kwa moja, ilipata marekebisho yake ya mwisho Desemba 2017. Kamera iliyozaliwa baada ya hapo ni mgeni asiyejulikana.

Tena tatizo haliishii hapo. Programu mpya hudai mfumo mpya wa kompyuta. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Basi kamera inavuta programu, programu inavuta mfumo, na mfumo unavuta kompyuta nzima. Aliyedhani amenunua kitu kimoja anajikuta anadaiwa vinne, na kimojawapo ni kodi ya kila mwezi isiyokwisha.

Tuseme haki: muuza programu hakuahidi kuzihudumia milele kamera ambazo bado hazijaundwa, na kazi ya kuifundisha programu ina gharama. Kwa maoni yetu lawama kubwa iwaendee waundaji wa kamera, kwa kuwa wao ndio wanaoficha siri ya faili. Mwaka 2005 ilibainika kwamba Nikon, katika kamera yake ya D2X, ilikuwa imefunga kwa msimbo habari za rangi ndani ya picha mbichi. Kelele zikapigwa, na mwaka huo huo baadhi ya wapiga picha wakaanzisha harakati za OpenRAW kudai siri hizo zitangazwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi: picha ni ya aliyeipiga, kwa nini ufunguo uwe wa aliyeuza kamera?

Njia ilikuwapo. Mwaka 2004 Adobe ilitoa muundo wa wazi uitwao DNG, ambao yeyote aweza kuutumia. Leica na Pentax ziliukubali katika kamera zao. Canon, Nikon na Sony zimeshika njia zao.

SUALA LA AMANA

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi. Fundi asiyeweza kufungua faili hufanya nini? Huzitia katika flashi akampelekea mwenzake mwenye kompyuta mpya. Kama ni picha za mandhari, hapana neno. Lakini kama ni picha za ukumbi wa wanawake, ambazo familia ilimkabidhi mpiga picha wa kike kwa sharti zisionekane na wanaume wa kando? Hapo amana imevunjwa, na chanzo chake ni faili lisilofunguka.

Wengine hukimbilia programu za wizi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, lilikata shauri kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa kisheria na haifai kuzivamia. Basi dhiki ya fundi isifanywe ruhusa.

Iko na njia ya halali. Adobe hutoa bure kigeuzi cha kugeuza picha mbichi kuwa DNG, na fundi akichagua DNG ya kufaa matoleo ya zamani, CS6 yake itaifungua. Ila matoleo mapya ya kigeuzi hicho hayakubali Windows 7, kwa hiyo mwenye mashine kongwe zaidi hana budi aombe msaada kwa mtu anayemwamini. Canon na Nikon pia hutoa bure programu za kufungulia faili zao, na ziko darktable na RawTherapee, ambazo hazina kodi. Na kabla ya kutoa fedha dukani, mwombe mwenye kamera picha mbichi moja, uende ukaijaribu nyumbani. Mpaka utakapokuwa na hakika, iamuru kamera itoe mbichi na JPEG pamoja, ili mwenye harusi asirudi mikono mitupu.

Kuhifadhi nako kuna adabu yake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipopigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, wajukuu waliwekewa nakala watakazoweza kuzisoma. Fundi naye azitunze faili za asili, na kando yake aweke nakala za TIFF, muundo uliokuwapo tangu 1986 na unaosomeka hata leo karibu kila mahali.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Fundi wa Masimba hakuutupa mbacha wake. Alinyang'anywa nafasi ya kuukalia. Wanunuzi wa kamera, wa bara na wa pwani, tuna neno moja la kuuliza dukani kabla ya kuuliza bei: picha nitakazopiga, nitaweza kuzifungua mwenyewe?