Judas Priest: mashabiki walisikia nini upya baada ya Halford kusema ukweli wake?

Februari 1998, mwimbaji Mwingereza Rob Halford alikaa mbele ya kamera za MTV, kituo cha televisheni cha muziki cha Marekani, kuzungumzia bendi aliyokuwa nayo wakati huo. Katikati ya mazungumzo akasema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida tu, kwamba yeye anapenda wanaume na amekuwa hivyo maisha yake yote. Baadaye alisimulia kuwa mfanyakazi mmoja wa kituo hicho aliyekuwa chumbani aliangusha ubao wake wa kuandikia.

Kwa nini mtu aangushe ubao? Kwa sababu Halford hakuwa mwimbaji wa nyimbo laini za mapenzi. Kuanzia 1973 hadi 1992 alikuwa sauti ya Judas Priest, bendi ya eneo la Birmingham ambayo ni mojawapo ya nguzo za muziki wa hevi metali. Kwa wasikilizaji wetu ambao hawajausikia: ni magitaa ya umeme yanayonguruma, ngoma zinazopigwa kwa nguvu na kasi, na mwimbaji anayepandisha sauti hadi inalia kama king'ora. Hata Nairobi kuna bendi zinazoupiga. Mashabiki wake wa mwanzo Uingereza na Marekani walikuwa zaidi vijana wa kiume, wengi wao watoto wa wafanyakazi wa viwandani, na kwao muziki huu ulikuwa alama ya uanaume. Halford aliingia jukwaani juu ya pikipiki, amevaa ngozi nyeusi iliyojaa vichuma. Bendi nyingine zikaiga mavazi hayo, na mashabiki nao wakaiga.

Kwa hiyo mashabiki hawakujiuliza tu kama bado wanampenda. Kama mtu waliyemfanya kielelezo cha dume hakuwa vile walivyodhani, basi wao walikuwa wakiiga nini miaka yote hiyo?

Halford alizaliwa 1951 na kukulia Walsall, mji wa viwanda karibu na Birmingham. Hadi 1967, sheria huko England iliwafunga wanaume waliofanya mapenzi wao kwa wao. Waingereza waliiacha sheria ya namna hiyo katika makoloni yao pia, na Kenya na Tanzania bado zinayo katika sheria zao za adhabu. Lakini kulegezwa kwa sheria hakukumfungua Halford mdomo. Katika kitabu cha maisha yake, Confess, kilichotoka 2020, anaeleza hofu iliyomkaba: akisema, mashabiki watakimbia, bendi itakufa na wenzake watakosa riziki. Wenzake wenyewe walijua, na hawakuwa na neno. Aliyefichwa ni mnunuzi wa tiketi. Miaka hiyo Halford alizama katika pombe na dawa za kulevya, hadi alipoacha vyote mwaka 1986.

Baada ya 1998 mashabiki walirudi kwenye kanda na santuri zao. Mfano unaotajwa sana ni wimbo Raw Deal, wa albamu ya 1977 iitwayo Sin After Sin. Unataja Fire Island, kisiwa karibu na jiji la New York ambacho tangu zamani kinajulikana kuwa mahali pa mapumziko ya wanaume wapenzi wa jinsia moja. Jina hilo liliimbwa waziwazi kwa miaka 21, na wengi walilipita tu. Halford amethibitisha kuwa wimbo huo unahusu baa ya watu hao. Wapenzi wa taarab hawatashangaa: fumbo huimbwa mbele ya ukumbi mzima, likamfikia anayelijua, na wengine wakaendelea kutunza.

Hapo baadhi ya mashabiki walivuka mpaka. Wakaanza kuona fumbo katika kila kitu, hasa mavazi, hadi ikawa kama jambo lililokubaliwa kwamba ngozi zile zilikuwa ujumbe wa siri. Halford analikana hilo kabisa katika kitabu chake. Anasema bendi ilitaka nguo zinazolingana na ukali wa muziki wake, basi. Ni kweli kuwa nguo za aina hiyo zilivaliwa pia katika baadhi ya baa za wanaume hao, lakini sisi tunaona ni haki kumsikiliza aliyezivaa.

Inasimuliwa mara nyingi kwamba mashabiki wa metali walimpokea bila neno. Tunashauri tahadhari kidogo hapa. Halford alipozungumza alikuwa nje ya Judas Priest kwa karibu miaka 6. Nafasi yake ilishachukuliwa na Mmarekani Tim Owens, aliyekuwa akiimba katika bendi inayoiga nyimbo za Judas Priest. Kwa maana hiyo, hakuna shabiki aliyelazimika kuamua siku ile kama atanunua tena tiketi ya bendi yake. Kipimo kilikuja 2003, Halford aliporudi. Hapo jibu halikuwa na utata: alipokewa kwa shangwe, na 2005 wakatoa albamu ya Angel of Retribution. Huenda kilichoamua si mawazo mapya kuhusu uanaume, bali hamu ya sauti waliyoikosa kwa miaka 11. Tunadhani yote mawili yalikuwapo.

Doug Pinnick hakupata bahati hiyo. Mwimbaji huyu wa King's X, bendi ya Marekani ya roki nzito, alisema jambo kama hilo mwaka huohuo wa 1998. King's X ilipendwa na Wakristo wengi, na albamu zake ziliuzwa pia katika maduka ya vitabu vya dini. Albamu hizo zikaondolewa madukani humo. Shabiki wa Judas Priest aliachiwa ajiamulie mwenyewe kama ataendelea kusikiliza. Yule wa King's X aliyezoea kununua katika duka la dini aliamuliwa na wengine.

Novemba 2022, Judas Priest waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, heshima kubwa ya muziki wa roki nchini Marekani. Halford alisimama jukwaani Los Angeles akajitambulisha kwa utani kuwa yeye ndiye yule wa bendi anayependa wanaume, na ukumbi ukamshangilia. Machi 2024 walitoa albamu nyingine, Invincible Shield, yeye akiwa na miaka 72, na katika maonyesho yaliyofuata bado alivaa ngozi zilezile.