Fimbo ya Safari ya Pwani: Ichaguliwe kwa Ardhi, Si kwa Bei

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Aghalabu methali hii hutumika kumwonya mtu anayetegemea msaada ulio mbali naye. Katika makala haya napenda kuitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na maneno yake yenyewe: fimbo iliyobuniwa kwa ajili ya ardhi ya mbali yaweza isifae katika ardhi yetu, hata kama ni ya ghali na ya kupendeza macho.

Mwalimu wa jiografia au wa baiolojia anayetaka wanafunzi wake waujue ufuo wa bahari hana njia bora kuliko kuwatembeza kwa miguu. Tuchukue mfano wa safari ya siku tatu au nne kutoka Bagamoyo kuelekea kusini, kupitia magofu ya Kaole na mikoko ya Mlingotini, hadi Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Ni mwendo wa yapata kilometa 50. Katika mwendo huo msafiri hukutana na mchanga mkavu, mchanga uliolowa, mwamba wa matumbawe wenye makali na utelezi, matope ya mikoko, na mahori yanayojaa na kukauka kila siku. Je, msafiri huyo achukue fimbo ya namna gani?

Wapo watakaocheka na kusema kuwa fimbo ni ya wazee. Wapo pia watakaokwenda dukani kununua jozi ya fimbo za kisasa zenye vipande vinavyoingiliana. Maoni yangu ni kwamba makundi yote mawili yanakosea, na yanakosea kwa sababu moja: hayajajiuliza fimbo itafanya kazi gani.

Fimbo za madukani zilibuniwa kwa ajili ya milima, na huko manufaa yake yamepimwa. Mwaka 1999 watafiti wa Austria walichapisha matokeo ya vipimo vya watu walioteremka mteremko wa nyuzi 25. Waliotumia fimbo mbili walipunguza kani iliyolemea magoti yao, hata kwa kiasi cha asilimia 12 hadi 25. Haya si manufaa madogo. Hata baadhi ya safari za pwani zahitaji fimbo za aina hiyo. Njia ya miguu ya pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, kutoka Minehead hadi Poole, ina urefu wa kilometa 1,014, na hupanda na kushuka magenge pasipo kukoma. Mtu akiimaliza yote, jumla ya kupanda kwake hufika kama meta 35,000. Huko magoti ndiyo yanayohitaji kusaidiwa kwanza.

Lakini ufuo wetu kati ya Bagamoyo na Kunduchi hauna miteremko ya nyuzi 25. Mahali pa tambarare magoti hayapati nafuu kubwa kama ile ya mteremkoni, na mikono huongezewa kazi. Kwa hiyo hoja inayouza fimbo hizo haituhusu sana. Kwetu sisi fimbo ina kazi tatu: kumzuia mtu asianguke juu ya mwamba wa utelezi, kupima matope na kina cha maji kabla ya kukanyaga, na kuwa mguu wa tatu ndani ya maji yanayokwenda. Fimbo na ichaguliwe kwa kazi hizo.

Tuanze na ncha. Mwanafunzi mwenye tungamo ya kilo 60 ana uzito wa karibu nyutoni 600. Akisimama kwa mguu mmoja wenye eneo la sentimeta za mraba 150, kanieneo chini ya unyayo wake ni kilopaskali 40. Sasa aiegemee fimbo kwa kani ya nyutoni 100 tu, na ncha yake iwe na eneo la sentimeta moja ya mraba. Kanieneo chini ya ncha hiyo ni kilopaskali 1,000, yaani mara 25 ya ile ya unyayo. Matope yanayoweza kuubeba mguu hayataibeba fimbo. Itazama, na aliyeitegemea ataanguka kifudifudi.

Dawa yake ni kisahani. Kisahani chenye kipenyo cha sentimeta 10 kina eneo la karibu sentimeta za mraba 78, na kani ile ile ya nyutoni 100 huleta kanieneo ya kilopaskali 13 hivi, ambayo ni thuluthi tu ya ile ya unyayo. Kisahani kifungwe sentimeta tano juu ya ncha, ili ncha iushike mwamba na kisahani kianze kazi pale fimbo inapotaka kuzama. Kitobolewe matundu pia, ili maji na hewa vipite. Bila hivyo matope yatakinyonya na kuking'ang'ania. Ncha ya pili, ile ya juu, ibaki nyembamba bila kitu. Hiyo ndiyo ya kupimia: fimbo hugeuzwa, na ncha nyembamba hutangulia kuonyesha kama chini kuna mchanga mgumu au tope la kumeza mtu. Mabaharia wetu wanaoendesha vyombo kwa pondo katika maji machache wanaijua kazi hiyo tangu zamani.

Pili ni mata. Aloi ya alumini ni nyepesi na hujifunika kwa utando wa oksidi unaoilinda. Hata hivyo chumvi ya bahari huweza kuutoboa utando huo, na pale alumini inapogusana na ncha ya chuma ndani ya maji ya chumvi, panatokea kitu kama betri ndogo, nayo alumini ndiyo inayoliwa. Aidha mchanga huingia katika maungio ya vipande na kuyakwamisha. Nyuzi za kaboni ni nyepesi zaidi na hazipindi kwa urahisi, lakini zikigongwa ubavuni na mwamba huweza kuvunjika ghafla bila kutoa onyo, wakati alumini hupinda kwanza. Anayemiliki fimbo za namna hiyo asizitupe. Kila jioni azitenganishe vipande, azioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na azikaushe kabla ya kuziunga tena.

Asiye nazo hana sababu ya kujinyima ili azinunue. Mwanzi mkavu, ulionyooka na usio na ufa, waitosha safari hii. Mwanzi ni bomba, na kwa kiasi kile kile cha mata, bomba hukataa kupinda kuliko ufito ulioshiba. Ndiyo sababu fremu ya baiskeli hutengenezwa kwa mabomba. Mafundo ya mwanzi huzuia bomba hilo lisibonyee. Udhaifu wake ni kupasuka kuanzia mwishoni, kwa hiyo ncha zote mbili zifungwe kwa kamba imara, na ile ya chini ivishwe kipande cha tairi kuukuu, kama kile kinachotengenezewa makatambuga. Mwanzi hauli kutu, hauna maungio ya kuingia mchanga, na ukivunjika hasara yake ni ndogo.

Pengine mtu atasema: kwa nini tusikate mti wa mkoko, ambao uko pale pale ufuoni? Mti wa mkoko ni imara, lakini ni mzito. Tena misitu ya mikoko ya Tanzania Bara imehifadhiwa kwa sheria. Safari ya kujifunza mikoko inayoanza kwa kuikata itakuwa imefundisha kinyume cha ilichokusudia.

Tatu ni urefu na idadi. Kwa kutembea tu, fimbo ifae kushikwa huku kiwiko kikiwa kimekunjwa pembe mraba. Kwa mtu wa sentimeta 170, ni kama sentimeta 116. Lakini kwa kupima kina na kusimama majini urefu huo ni mdogo. Nashauri mwanzi ufike begani, uzungushiwe kamba katika sehemu mbili za kushikia, moja ya chini kwa kutembea na moja ya juu kwa kuvuka maji. Na iwe fimbo moja, si mbili, ili mkono mmoja ubaki huru kumshika mwenzako.

Baada ya hayo yote limebaki jambo ambalo fimbo haiwezi kulifanya, na ndilo kubwa kuliko yote. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani hii hufika kama meta 3, na maji huchukua zaidi kidogo ya saa sita kujaa. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Kwa makadirio wanayotumia mabaharia, saa ya kwanza maji hupanda sehemu moja katika kumi na mbili, saa ya pili sehemu mbili, saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha hupungua mwendo. Katika meta 3, saa ya kwanza ni sentimeta 25, lakini saa ya tatu peke yake ni sentimeta 75. Mwanafunzi aliyeitia fimbo horini akaona maji yako magotini, kisha akakaa kupumzika saa moja, ataingia katika maji ya kifuani. Fimbo haikumdanganya, ilimwambia ukweli wa wakati ule aliopima. Tena kani ya maji yanayokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake: mwendo ukiwa maradufu, kani ni mara nne. Kwa hiyo hori livukwe maji yakiwa yamekupwa, baada ya kuangalia jedwali na kuwauliza wavuvi wa mahali hapo. Na mlango wa mto wenye kina, kama ule wa Mpiji, usivukwe kwa fimbo kamwe. Yatafutwe daraja au chombo.

Ndugu walimu, kila fomula niliyoitaja imo katika masomo ya sekondari. Kabla ya safari, wapelekeni wanafunzi ufuoni na mianzi miwili, mmoja wenye kisahani na mwingine usio nacho, waiegemee kwa nguvu sawa na wapime kila mmoja umezama sentimeta ngapi. Mwanafunzi aliyepima hivyo kwa mkono wake hatahitaji kuambiwa achague ipi, na atakapofika kwenye hori atakumbuka kupima kabla ya kukanyaga.