Digidigi Aliyeacha Kucheka

Mwezi huu niruhusuni niweke kando habari za chanjo na lishe, niwasimulie habari ya mnyama mmoja wa karatasi. Nilimchora mwenyewe, nikamkosea mwenyewe, halafu ikanibidi nimchore upya. Msije mkadhani nesi wenu amerudi utotoni. Kila mama anayewasimulia watoto hadithi, au anayefundisha shule ya Jumapili, ana mnyama wake wa namna hii, hata kama hajawahi kushika penseli.

Nilipotaka mnyama wa kuwafundishia watoto usafi na kunywa dawa, wa kwanza kunijia kichwani alikuwa Sungura. Lakini Sungura wetu ni mjanja tangu enzi za bibi zetu. Ukimchora tu, watoto wanakaa wakingojea amdanganye mtu. Fisi ni mlafi, hana utetezi. Kobe ni mzee tangu alipozaliwa. Nilihitaji mnyama asiye na kesi, nikamchagua digidigi, yule paa mdogo wa vichakani. Begani ana kimo cha sentimeta 40 hivi, na akishtuka hutoa mluzi kwa pua, ndiko jina lake lilikotoka. Nikamfanya msichana, kwa hiyo hana pembe, maana kwa digidigi wenye pembe ni madume. Nikamwita Chausiku, kwa kuwa digidigi hupenda kutembea jioni na usiku.

Basi nikamchora kwenye karatasi ya manila. Amesimama kwa miguu miwili kama mtu, amevaa gauni jekundu, mikono yote miwili juu, masikio yote mawili wima, macho ya mviringo kama visahani, na mdomo unacheka kutoka shavu hili hadi lile. Shule ya Jumapili walimpigia makofi. Nami kwa furaha nikachora mwingine, nikambandika ukutani katika wodi ya watoto nilikokuwa nikifanya kazi, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: USIOGOPE, TABASAMU!

Hiyo ilikuwa mwaka 2023. Mwezi wa pili yake tukampokea binti wa miaka kama sita aliyemwagikiwa na uji wa moto mkononi, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. (Kwa kuwa nimelitaja, nilimalizie: mtoto akiungua, mkimbize kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kwa saa, ndipo mwende hospitali. Si dawa ya meno, si yai bichi, si mafuta.) Kila asubuhi tulipokuja kumsafisha kidonda, binti yule aligeuza uso upande wa pili wa kitanda. Nilidhani anatuogopa sisi na sinia letu. Nami, Mungu anisamehe, nikawa namwambia, "Mtazame Chausiku, mbona yeye anacheka?"

Siku ya tano bibi yake, aliyekuwa akimuuguza, alinivuta pembeni. "Mwanangu," akasema, "hiyo picha yako iondoe. Mtoto ananiambia, yule anacheka na mimi naumwa, ananicheka."

Nilikwenda kuketi chumba cha dawa. Miaka yote nimewahurumia watoto, kumbe nimewawekea ukutani mtu wa kuwaamuru wacheke. Tena sikuwa na kisingizio, kwa maana sisi wauguzi tumefundishwa jambo hili. Kuna ile karatasi ya nyuso sita tunayomwonyesha mtoto aelekeze maumivu yake yamefikia wapi. Ilianza mwaka 1981 huko Tulsa, Marekani, katika kitengo cha walioungua. Nesi Donna Wong na mwenzake Connie Baker waliwapa watoto miduara mitupu wachore nyuso wenyewe. Uso wa kwanza unatabasamu, wa mwisho unatoa machozi. Baadaye wataalamu wengine wakaona kasoro: mtoto asiyeumwa huenda ana huzuni kwa kuwa mama hayupo, na mtoto anayeumwa sana huenda ni jasiri asiyelia. Mwaka 2001 ukatoka mfululizo mwingine wa nyuso sita, uliotengenezwa kutokana na ule wa Australia wa mwaka 1990, usio na tabasamu wala machozi. Karatasi hiyo niliijua vizuri. Ila sikuwahi kufikiri kwamba inamhusu na digidigi wangu.

Nikaishusha picha siku ileile, na nyumbani nikaanza upya. Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Kwa kuwa kucheka kumekosea, nikamnunisha. Nikamwekea nyusi kama za mtu, ncha za ndani zimepanda juu, mdomo umeinama. Mwanangu wa mwisho alipita mezani akauliza, "Mama, kafiwa na nani?" Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeondoa hisia moja na kuweka nyingine, na Chausiku mwenyewe bado hayupo. Hisia ni ya leo, kesho imekwisha. Tabia ya mtu ndiyo unayoitambua hata akiwa amenyamaza kwenye foleni ya maji.

Nilipokwama nikampelekea kijana mmoja wa mtaani kwetu anayechora mabango ya maduka na ya vinyozi. Aliitazama picha yangu ya zamani muda mrefu. "Mama," akasema, "weka kidole gumba juu ya mdomo wake." Nikaweka. Uso uliobaki haukuwa na neno lolote, sufuria tupu. Picha nzima ilikuwa imesimama juu ya lile tabasamu. Jaribuni na nyinyi kwenye vitabu vya watoto wenu, mtashangaa ni wanyama wangapi wanaokufa mkiwaziba mdomo.

Kijana yule ndiye aliyenieleza habari za Mickey Mouse, ambaye wengi wetu tunamjua kwenye mabegi ya shule. Alipotokea katika filamu ya Steamboat Willie, mwaka 1928, alikuwa panya mtukutu anayewatesa wanyama wenzake ili apate muziki, na jicho lake lilikuwa doa jeusi tupu. Mchoraji Fred Moore ndiye aliyemtengeneza upya, na katika filamu fupi ya The Pointer, ya mwaka 1939, panya akaonekana na weupe wa jicho na mboni ndani yake. Tangu hapo aliweza kutazama pembeni bila kugeuza kichwa. Nilimwomba kijana arudie. Kutazama pembeni bila kugeuza kichwa! Je, si ndivyo anavyotazama mtoto mwenye haya mgeni anapoingia sebuleni?

Alinionya pia nisizidishe. Panya yule kadiri miaka ilivyokwenda alizidi kuwa na kichwa kikubwa na macho makubwa. Mtaalamu wa viumbe Stephen Jay Gould aliandika mwaka 1979 kwamba alikuwa akirudi utotoni badala ya kukua, na kwamba watu hulainika moyo wakiona umbo la kitoto. Hapo mimi nesi nilikuwa nyumbani. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake, cha mtoto wa miaka sita ni karibu moja ya sita, cha mtu mzima ni moja ya nane hivi. Nikampima Chausiku kwa rula: robo kamili! Nilikuwa nimemchora mtoto wa kubebwa. Watoto wangu wa wodini hawakutaka mtoto wa kubeba, walitaka mwenzao.

Kwa hiyo kichwa kikapungua. Mdomo ukawa kimstari kifupi chini ya pua, tena digidigi amejaliwa pua ndefu laini inayoning'inia kidogo, mdomo wake hauonekani sana. Kazi yote iliyofanywa na mdomo ikahamia kwingine. Kope la juu nililishusha kidogo, mboni nikazielekeza chini pembeni, mahali kilipo kichwa cha mtoto aliyelala. Nyusi za kibinadamu nikazifuta kabisa, kwa sababu digidigi ana kishungi cha nywele utosini, na akishtuka kinasimama. Nikakisimamisha nusu tu. Anaogopa kidogo, lakini hajakimbia.

Masikio ndiyo yaliyonichukua siku nyingi. Yote mawili wima ni mnyama aliyesikia chui. Yote mawili chini ni mnyama mgonjwa. Nilichora na kufuta mpaka manila ikatoboka. Mwishowe sikio moja likabaki limeelekea mlangoni, na la pili likageuka kumwelekea anayemtazama. Ni binti anayekusikiliza, ila hajasahau kwamba sinia la sindano huingilia mlango ule.

Mikono nayo ikashuka. Gauni jekundu likawa sweta la shule lenye mikono mirefu kupita kiasi, kwamba lilikuwa la dada yake. Kwa mkono mmoja anaviringisha pembe ya khanga aliyojifunga shingoni, na uzito wote ameuweka kwenye mguu mmoja. Kina mama mnaojua kusimama na binti yenu mlangoni kwa mwalimu mkuu, mnalijua simamo hilo.

Jambo moja tulibishana na fundi wangu. Digidigi ana doa jeusi chini ya jicho, kwenye kona ya ndani. Ni tezi, hulipitisha kwenye ncha za vijiti kuweka alama ya mipaka ya kwake. Fundi alitaka tuliondoe, akisema linachafua uso. Nikasema libaki, Mungu hakuliweka bure. Kumbe nilikuwa nimesema zaidi ya nilivyojua.

Kabla ya kumrudisha wodini nilimpeleka kwanza shule ya Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na neno: mnyama kuvaa sweta na kusema ni kuwafundisha watoto uongo. Nikamkumbusha kwa heshima punda wa Balaamu katika Hesabu 22, na ile miti ya Waamuzi 9 iliyokwenda kutafuta mfalme. Akacheka, akasema, "Lakini punda yule hakuvaa sweta," nami sikuwa na jibu la hilo. Watoto sikuwaambia chochote. Niliwauliza tu: huyu anaogopa nini, na nyumbani kwao wakimtuma dukani atakwenda? Kwa picha ya kwanza wangejibu wote kwa sauti moja, anafuraha. Safari hii walibishana. Mmoja akasema anaogopa mbwa. Mwingine akasema atakwenda dukani, lakini atapitia njia ya nyuma. Na kibinti kimoja kikaonyesha lile doa chini ya jicho kikasema, "Alilia. Sasa amemaliza."

Nikambandika kliniki ya vidonda, safari hii bila maandishi yoyote.

Yule binti aliyeungua alikuwa ameruhusiwa, lakini kila Alhamisi mama yake alimleta kubadilishiwa bandeji na kunyoosha kiwiko, ngozi isikakamae. Siku ya kwanza kumwona Chausiku mpya hakusema kitu. Aliketi akimtazama, na mkono wake mzima ulikuwa ukiviringisha pembe ya gauni lake, wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Tulipofungua bandeji alilia kama kawaida. Nisiwadanganye akina mama, karatasi haiondoi maumivu, na dawa ya maumivu tulimpa kabla.

Alhamisi ya tatu akaniuliza, "Nesi, mbona sikio lake hili liko huku?"

"Anakusikiliza," nikasema.

"Hata nikisema polepole?"

"Hata polepole."

Nikageuka kutafuta mkasi. Nyuma yangu nikasikia ananong'ona, si kwangu, ni kwa ile karatasi. Alisema sufuria ile ya uji aliivuta mwenyewe, alikuwa anatafuta mwiko. Hakuwa kaka yake. Kaka alichapwa lakini hakuwa yeye.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kadi ya kliniki mkononi. Nilimwona akishika nguzo ya mlango. Tulitoka naye nje tukaketi kwenye benchi. Akanieleza kwamba siku ile ya ajali baba wa watoto alimchapa yule kijana, mwenye miaka tisa, kwa kosa la kumwachia mdogo wake karibu na moto na kumsukuma. Mtoto alikana mara moja, halafu akanyamaza, na tangu hapo haketi jikoni wenzake wanapokula. Miezi mitatu. "Nami nilishika fimbo nikampa baba yake, sista," akasema. Sikumhubiria. Tuliomba pale pale kwenye benchi, maneno machache, naye akajifuta uso kwa khanga akaingia kumchukua binti.

Alhamisi iliyofuata walikuja watatu. Kijana alikuwa amevaa shati la kanisani ingawa haikuwa Jumapili, na ndiye aliyebeba chupa ya maji ya mdogo wake. Wakati tunafungua bandeji alikwenda kusimama mbele ya Chausiku, mikono nyuma, kichwa ameinamisha upande. Akauliza, bila kunitazama, kama digidigi huyu ana kaka.

Nikamwambia anaye. Jioni nilipitia dukani kununua manila.