Msimwambie mtoto "mama atakuja kesho"

Tangu M23 ilipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, nyumba nyingi za washirika wetu zina mtoto asiyezaliwa humo. Kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa Februari hiyo na watu wakatawanyika mbiombio. Upande wa kusini, wengi walivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Uwanja wa ndege wa Goma nao ulifungwa, basi baba aliyekuwa Kinshasa hakuweza kuja kumchukua mwanawe.

Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui habari za vita. Anajua tu kwamba mama alienda. Mara nyingi anafikiri kosa ni lake: nililia sana, nilimwaga uji, ndiyo maana akaniacha. Ndipo yule aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena, na mwingine anashika kitenge cha mama mlezi hata mlangoni pa choo. Wengine wananyamaza kabisa. Hao wanyamavu tunawasifu kanisani eti wana adabu, kumbe ndio wa kuangaliwa zaidi.

Nasi, kwa huruma, tunamwambia: "Usilie, mama atakuja kesho." Kesho inafika, mama hayupo. Baada ya mara tatu mtoto hatuamini tena, hata tukisema chakula kiko tayari. Afadhali maneno machache ya kweli: "Mama yako alikimbia vita. Hakukuacha kwa sababu yako. Tunamtafuta. Leo utalala hapa nasi." Atauliza tena jioni, na kesho yake, tumjibu vilevile bila kukasirika. Asipigwe kwa kukojoa. Ale na kulala saa zilezile, na kama alikuja na kipande cha nguo ya mama, tusikifue haraka, kwani harufu ile ndiyo inayomlaza. Simu ikipatikana, sauti ya mama ya dakika moja ni dawa, hata kama atalia baadaye.

Kutafuta wazazi si kazi ya kuachia WhatsApp. Picha ya mtoto ikizunguka kwenye magrupu, yeyote anaweza kujitokeza na kusema ni shangazi yake. Tumwandikishe kwa Msalaba Mwekundu, ambao huunganisha jamaa bila malipo, na shefu wa avenue ajue. Waalimu wa Ecodim waandike mapema kila jina ambalo mtoto anakumbuka: la kijiji, la dada, hata la mbuzi. Mtoto mdogo husahau upesi.

Mama akipatikana, huenda mtoto akamkimbia na kujificha nyuma ya mlezi. Tumeona wamama wakilia kwa jambo hilo. Wakae pamoja siku kadhaa kabla ya safari, mlezi akiwapo, mpaka mtoto mwenyewe amfuate mama yake.